Nilimkimbia nyoka, nikamwacha mtoto

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Monduli na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Niliingia stoo kuchota unga. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne, alinifuata na kibakuli chake cha plastiki, akasimama mlangoni kama siku zote, akinisubiri nimtilie unga kidogo wa kupikia chakula chake cha michezo.

Nilipofunua pipa nikamulika kwa simu, kitu cha kahawia kilijikunjua kati ya gunia la mahindi na ukuta.

Sikumbuki kupiga kelele, ingawa majirani wanasema walinisikia hadi barabarani. Kumbukumbu yangu inaanzia getini. Nimeshika nondo za geti kwa mikono miwili, kandambili moja imebaki nyuma, moyo unapiga hadi masikioni.

Mtoto alikuwa bado kule.

Yeye alikuwa mlangoni, mimi nilikuwa ndani. Ili nitoke ilinibidi nimpite. Kibakuli kilikutwa kimepasuka, chini ya alama ya kandambili yangu. Kutoka mlango wa stoo hadi getini ni hatua kumi na nane. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Aliyeingia ni kijana wa bodaboda anayeegesha pale kwenye kona. Alimbeba mtoto akamkabidhi kwa jirani, kisha akarudi na jembe. Mapigo matatu, kazi ikaisha. Nikapewa pole, nikapewa maji. Mama mmoja akasema Mungu ni mkubwa, mmepona. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto alibaki peke yake, na mimi sikusema.

Mpira wa maji

Wiki ya kwanza nilijifariji kwamba yamekwisha. Mtoto anakula, anacheza, analala. Halafu Jumatano moja nilifungua bomba nimwagilie mchicha. Maji yalikuja kwa nguvu, mpira ukajinyonganyonga kwenye vumbi, naye akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Akakimbia.

Akaenda moja kwa moja getini. Akashika nondo kwa mikono miwili.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto huyu hakuumwa. Hakuguswa hata na mkia. Kabla ya siku ile alikuwa anaokota jongoo na kuwapanga kwenye kizingiti, anawafukuza mijusi ukutani, anauliza konokono analala wapi. Alichokiona stoo kwa hakika ni mgongo wangu ukimpita.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama ameng'ang'ania geti, nikaelewa kwamba kilichomuuma ni mimi.

Dada yangu anafanya kazi Namanga, anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mtoto nakaa naye mimi. Kwenye simu nilimweleza kwamba nyoka aliingia stoo na kijana wa bodaboda akamuua. Kila neno lilikuwa kweli. Sehemu ya katikati niliiruka.

Takwenya

Hapa nirudi nyuma kidogo, asubuhi ya siku ya pili. Kiwanja cha jirani kinajengwa na kinalindwa na mzee wa Kimasai. Nilimkuta ameinama kwenye ua wetu wa minyaa, alipotupwa yule nyoka.

"Takwenya."

"Iko," nikaitikia salamu yake ya Kimasai, nikabaki mbali.

Alimgeuza nyoka kwa ncha ya fimbo. "Huyu mmemuua wa nini?"

"Mzee, ni nyoka."

"Ni nyoka, ndiyo. Nauliza mmemuua wa nini." Akanionyesha kichwa kwa fimbo ile ile: mistari miwili myeupe iliyofifia, imetoka puani ikapita kwenye jicho. "Huyu kazi yake panya. Hana sumu."

Kisha akasema jambo ambalo nadhani halikuwa na uzito kwake. Zamani, alisema, wazee wao waliamini kwamba oloiboni, yaani kiongozi wao wa kiroho, akifa, au mtu mwenye mali nyingi, roho yake hugeuka nyoka. Nyoka huyo hurudi kwenye boma lake kuwaangalia watoto. Akiingia ndani hauawi.

"Na wewe unaamini, mzee?"

"Mimi ni mtu wa kanisa, mama. Nakwambia walivyosema wao."

Mimi pia ni mtu wa kanisa. Lakini niliingia ndani nikakaa kitandani muda mrefu. Imani ile sina. Kilichonishika ni picha yake: nyoka anakuja kuwaangalia watoto, mtu mzima anatoka mbio.

Kabla hawajamfukia nilimwomba yule kijana ampige picha kwa simu yangu. Mimi mwenyewe sikuweza kusogea. Hata picha yenyewe niliiangalia baada ya siku tisa.

Nyoka mmoja tu

Nimezaliwa Kibosho, migombani. Bibi yangu alikuwa hataki nyoka atajwe usiku. Ukimwona unasema umeona kamba. Ukipiga mluzi baada ya magharibi unazabwa kofi, kwa sababu unawaita. Kanisani tukasoma Mwanzo sura ya tatu, uadui kati yako na huyo mwanamke, na mimi kwa kuwa ni mwanamke nikalipokea lile neno kama limeandikwa kwa jina langu. Nyoka akionekana shambani, wanaume walikuja na magongo na sisi tukakaa juu ya meza hadi tuambiwe amekufa. Sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza ni nyoka gani. Nyoka ni nyoka, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Baadaye, nikiwa nimekaa na ile picha kwenye simu, ndipo nilipoanza kuyapanga majina ninayoyajua. Kifutu. Swila. Koboko. Chatu. Ukukwi. Nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua majina ya miji ambayo hajafika. Sikuweza kusema yupi mnene na yupi mwembamba, yupi anapanda mti, yupi anatema mate. Lugha yangu ina majina yote haya, maana yake kuna watu walisimama wakatazama vizuri kabla ya kuwapa. Mimi katika kichwa changu nilikuwa na nyoka mmoja tu, na huyo alikuwa kila mahali.

Nyoka hana masikio ya nje, hana tundu pembeni mwa kichwa. Mtikisiko wa ardhi anaupata kupitia taya na mifupa ya kichwa, na sauti nzito za chini anazihisi. Mluzi mwembamba wa mtoto migombani haukuwa unamwita yeyote. Nilipolijua hili nilimfikiria Bibi kwa upendo, kwa sababu naelewa alichokuwa anakilinda: watoto wasizurure gizani miguu mitupu. Katazo lilikuwa na faida. Sababu tu ndiyo iliyokuwa ya kutisha, na mimi nilirithi sababu nikaliacha katazo. Kila usiku nilikuwa naenda choo cha nje na kandambili.

Kima na maua

Jambo moja nililosoma ndilo lililoninyima usingizi, na nitalieleza taratibu.

Miaka ya 1980 huko Marekani, mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake walifanya kazi na kima waliozaliwa na kukulia maabara. Kima hao hawakuwa na woga wa nyoka. Waliwekewa nyoka, wakanyoosha mkono juu yake kuchukua chakula bila wasiwasi. Kima waliotoka porini waliogopa vibaya. Kisha wale wa maabara wakaachwa wawatazame wenzao wa porini wakiogopa. Hawakuumwa, hawakutishwa na mtu. Walitazama tu, kwa dakika chache. Wengi wao wakawa waoga, na miezi mitatu baadaye walikuwa waoga bado.

Watafiti wakaenda hatua nyingine. Wakatengeneza mkanda wa video uonekane kana kwamba kima anaogopa maua. Waliotazama hawakujifunza kuogopa maua. Kwa hiyo kuna kitu ndani yetu ambacho kiko tayari, kama kuni kavu. Lakini kuni hazijiwashi.

Niliisoma mara tatu, simu mkononi, mtoto amelala pembeni yangu ndani ya chandarua. Miaka minne nimekuwa makini na anachokula, anachovaa, maneno anayoyasikia. Moto niliuwasha kwa sekunde tano.

Utafiti ule una sehemu nyingine, na bila hiyo nisingeandika makala hii. Kundi la kima lilianza kwa kuwatazama wenzao watulivu mbele ya nyoka, mara kadhaa. Baada ya hapo ndipo walipoonyeshwa wanaoogopa. Wengi wao woga haukuwaingia. Utulivu walioutazama mwanzo uliwakinga, kama chanjo.

Kwa mtoto wangu nilikuwa nimeshachelewa kuanza na chanjo. Lakini bado alikuwa ananitazama. Kila asubuhi aliniona nikipiga mlango wa stoo teke na kurudi nyuma kabla ya kuingia.

Kijana wa kiti cha nyuma

Meserani kuna bustani ya nyoka, kando ya barabara ya Dodoma, kama kilomita 25 kutoka Arusha mjini. Ipo tangu miaka ya 1990. Kwa sisi wa Kisongo ni safari fupi, na kwa miaka yote niliyoishi huku nilikuwa nikipita pale nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Mara ya kwanza nilishuka kwenye gari, nikafika getini, nikasikia jasho mgongoni. Nikavuka barabara nikapanda gari la kurudi. Naliandika hili kwa ajili ya msomaji ambaye naye amewahi kurudi getini. Siku ile haikupotea.

Haikupotea kwa sababu kwenye hiace ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma na kijana mmoja mfugaji, amevaa lubega na makatambuga. Mguu wake wa kulia, kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti, ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, ngozi imekunjamana na kung'aa. Aliniona nikitazama.

"Kifutu," alisema. "Nilikuwa nachunga mbuzi. Nilimkanyaga."

Wenzake walimfunga kamba chini ya goti, wakaikaza kwa kijiti. Wakamchanja kwa wembe. Hospitali alifika siku ya pili. Alisimulia bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kwao.

Nilimuuliza kama anaogopa nyoka.

Alifikiri. "Naangalia ninapokanyaga," akasema.

Alishuka Kisongo sokoni kabla yangu. Mimi nimeogopa nyoka miaka thelathini na mitano bila kuumwa hata mara moja, na sijawahi kuangalia ninapokanyaga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni wengi zaidi ya wanaokufa, karibu mara tatu. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na limejiwekea lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kila ninapoziona takwimu hizi naona mguu ule. Wanaoumwa ni wachungaji, wakulima, watoto wanaotembea, watu wanaolala chini. Sisi wenye geti na stoo tunapiga kelele. Wao wanaumwa.

Nyuma ya kioo

Nilirudi Meserani baada ya siku kumi, na safari hii niliingia.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole. Nilimwambia ukweli mlangoni: "Kaka, mimi naogopa sana, naweza kukimbia." Akaniambia, "Sawa dada, tutakwenda kwa mwendo wako. Ukitaka kusimama tunasimama."

Nilikuja kujua kwamba mwendo huo una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwatibu watu waliokuwa wakiogopa nyoka kupindukia. Hakuwapa mawaidha. Walimtazama mtu mtulivu akimshika nyoka, kisha wakasogea naye hatua kwa hatua, hadi wengi wao wakaweza kumshika wenyewe. Jambo kubwa ni kuwepo kwa mtu wa kumtazama. Mimi siku ile nilikuwa na mabega ya yule kijana, yaliyokuwa yameshuka kabisa, mbele ya kioo chenye swila.

Nilimwonyesha picha ya simu kwanza. Alitazama mistari ya kichwani akasema anaishi karibu na watu kwa sababu panya wanaishi karibu na watu. Hutoka usiku, humbana panya mpaka afe, halafu humla. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Mzee alikuwa sahihi kwa kila neno.

Niliomba dakika moja. Nililia kidogo pale. Kwa nyoka yule pia, nakiri, ingawa zaidi kwa kibakuli.

Kisha tukaanza. Mbele ya koboko nilitegemea mweusi, nikakuta wa kijivu. Kilicho cheusi ni ndani ya mdomo wake. Alikuwa anatoa ulimi na kuurudisha, na mimi tangu utotoni nilijua ulimi ule ndio mwiba wenye sumu. Sio. Ulimi unakusanya harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kidogo kilicho kwenye dari la mdomo. Umegawanyika ncha mbili ili ajue harufu imezidi upande gani. Alikuwa anataka kujua ni nani amesimama pale. Nami nilikuwa nataka kujua hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nimesogea mbele badala ya nyuma.

Kuna pahala mwongozaji alisimama akaniambia, "Humu mtafute kifutu." Nilitazama mchanga, majani makavu, gogo. Nilitafuta kwa muda. Hakukuwa na kitu, nikamwambia hakuna kitu. Akaweka kidole kwenye kioo.

Alikuwa katikati. Mnene kama mkono wangu, mbele ya macho yangu, sentimita chache.

Aliyelala

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Kifutu hana haja ya kukimbia. Kinga yake ni kutoonekana, na ana kipaji cha kukaa kimya hata harufu yake haipatikani kirahisi. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba mbwa waliofundishwa kunusa nyoka walishindwa kumtambua kifutu aliyetulia. Anajilalia njiani akisubiri panya. Ng'ombe wanapita, mbuzi wanapita, watu wanapita, naye ametulia. Mguu ukimwangukia ndipo anapouma. Ndiyo maana vidonda vingi viko chini ya goti.

Woga wangu wa miaka yote ulikuwa unamwangalia nyoka anayekimbia. Kitu kikipita haraka kwenye majani, ninaruka. Anayekimbia ameshaamua kuniepuka. Anayeweza kunidhuru ni yule aliyelala, na huyo woga hauna macho ya kumwona. Ungeniambia nikimbie gizani, miguu mitupu, nikapite juu yake.

Sitaki mtu asome hapa kwamba nyoka ni rafiki. Sumu ya kifutu huozesha nyama. Ya koboko huzuia pumzi kwa kulegeza misuli. Swila hulenga macho kwa mate yake, na dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, mara moja. Naamini woga una kazi yake. Lakini wa kwangu haukuwa ukifanya kazi hiyo. Haukuninunulia tochi. Haukuniondolea rundo la tofali nililoliacha nyuma ya stoo miaka miwili, ambako panya walizaliana na kumwita nyoka mpaka ndani. Haukunifundisha nifanye nini mtoto akiumwa. Wakati ule ningemfunga kamba, sawa na wale wachungaji.

Sasa najua. Usifunge kamba, kwa sababu sumu ya kifutu ikifungiwa mahali pamoja inaharibu zaidi. Usichanje, usinyonye. Mvue bangili na pete kabla mguu au mkono haujavimba, mlaze, kiungo kisitikisike, kifunge kwenye ubao kama kiungo kilichovunjika, halafu hospitali. Usipoteze muda kumsaka nyoka.

Na jiwe jeusi? Kwa Bibi lilikuwepo, limefungwa kwenye kitambaa ndani ya kikombe, na watu walikuja kuliazima kutoka Uru. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Unawekwa kwenye jeraha, unanata, ukidondoka unachemshwa kwenye maziwa. Nilimwona mtu aliyepona kwa macho yangu, kwa hiyo nilikuwa na ubishi mkubwa. Kilichonigeuza ni hesabu. Katika wale milioni 5.4 wanaoumwa, wanaoingiwa na sumu hasa wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 1.8 na 2.7. Waliobaki wameumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa. Wote hao wangepona hata kwa jani la mgomba. Jiwe linapewa shukrani zao. Na yule aliyeingiwa na sumu anakaa nalo mguuni saa sita, akisubiri lidondoke. Majaribio kwa wanyama hayajaonyesha kwamba linavuta sumu.

Dawa halisi inatokana na nyoka mwenyewe. Anakamuliwa sumu, farasi anachomwa sindano ya sumu hiyo kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo inachujwa. Njia hii ina zaidi ya miaka 120. Mfaransa Albert Calmette ni mmoja wa walioianzisha miaka ya 1890. Dawa ni ghali, mara nyingi huhitaji friji, na si kila zahanati inayo. Pale Meserani kuna kliniki inayowapokea walioumwa. Mtu mwenye familia huku vijijini anapaswa kujua mapema ni wapi pa karibu pana dawa, kabla ya siku ya kuihitaji.

Mwishoni mwongozaji alileta nyoka mdogo asiye na sumu, akanyoosha mkono. Niliweka kidole kimoja. Nilitegemea utelezi na ubaridi wa samaki. Alikuwa mkavu, ana uvuguvugu wa mkono uliomshika, kwa kuwa hawezi kujitengenezea joto lake. Nilihesabu hadi saba. Nikatoa kidole.

Dada alinyamaza

Ijumaa ile dada aliporudi kutoka Namanga, nilingoja mtoto alale. Tulikuwa jikoni. Nikamwambia sehemu ya katikati.

Nilimwambia yote: mlangoni, mgongo, kibakuli, geti. Hatua kumi na nane.

Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Sijui kama ilikuwa dakika moja au tano, ila najua aliurudia mchele ule ule.

"Ndiyo maana anapiga kelele akiona kamba," alisema hatimaye.

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilidhani ameona kitu kwenye televisheni." Akaweka ungo chini. "Wiki tano unaniangalia machoni."

Sikujitetea. Alikwenda kulala bila kuniaga, na kesho yake tulizungumza ya chumvi na mkaa tu. Jumapili, akiwa ameshapanga begi la safari, alisimama mlangoni akasema, "Ulimtia woga wewe. Mtoe wewe. Mimi sipo."

Alikuwa na haki ya kusema zaidi ya hapo.

Stoo

Rundo la tofali limeondoka. Kijana anayetufyekea majani nimemnunulia gambuti. Tochi iko kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma, na ninapotoka gizani nawasha kwanza, navaa viatu vilivyofunika mguu. Mahindi yako juu ya ubao. Chandarua tunakichomekea chini ya godoro pande zote. Nilijua kinazuia mbu, sikujua kwamba kinamzuia pia nyoka anayefuata panya usiku.

Mtoto nilimpeleka Meserani mwezi uliopita. Nusu saa ya kwanza alikuwa nyuma ya sketi yangu, ameikunja kwa ngumi zote mbili, na nilisikia mikono yake ikitetemeka kwenye mapaja yangu. Nilisimama mbele ya chatu nikaongea polepole. Moyo wangu ulikuwa unapiga, lakini mabega niliyashusha. Baadaye kichwa kimoja kikachungulia pembeni.

"Mamdogo, amelala?"

"Sijui. Hana kope. Hata akilala macho yako wazi."

Akaangalia kwa muda mrefu. Hakusogea kwenye kioo, nami sikumvuta.

Mpira wa maji bado anauzunguka kwa mbali. Lakini juzi jioni umeme ulikatika tena, na unga ulikuwa umeisha jikoni. Nilichukua tochi kwenye msumari. Nilipofika stoo nikasikia hatua ndogo nyuma yangu, kisha zikakoma hatua mbili kabla ya mlango. Nikageuka. Alikuwa na kibakuli kipya.

Nikampa tochi aishike yeye. Akamulika gunia, akamulika ukuta, akamulika chini, kona zote nne, taratibu, kama nilivyomwonyesha.

"Mamdogo," akasema, "tangulia."

Nikatangulia.